Figili za Kituo cha Hidrojeni

Kila siku ya kazi, saa tatu kamili asubuhi, Kuramochi Isamu alishusha mnyororo wa lango, akavaa glavu zake nyeupe, akasimama kando ya barabara na kuyainamia magari yaliyokuwa yakipita. Magari hayakuwa na habari naye. Yalikuwa ya petroli na yalikuwa yakienda zake. Yeye aliuza hidrojeni, nishati ya kesho, kama lilivyosema bango lililokuwa juu ya kichwa chake, na hapo mjini Orihata kesho ilikuwa ikifika mara mbili kwa siku, tena kama hakuna mvua.

Ukimwona ungecheka, na wengi walicheka, kwa staha, wakiwa wameshapita. Lakini Kuramochi alikuwa mtu aliyekwisha kuzika kituo kimoja. Baba yake alimkabidhi kituo cha petroli karibu na daraja, chenye pampu mbili, naye akakiendesha miaka ishirini na sita, mpaka ilipotoka sheria kwamba matangi ya zamani yaliyofukiwa ardhini lazima yabadilishwe. Gharama yake ingetosha kununua kituo chenyewe mara mbili. Basi akafunga. Mzee wake, ambaye bado alikuwa akija kila asubuhi kufagia, alikuja siku iliyofuata na ufagio wake, akakuta uzio wa mabati. Aligeuka akarudi nyumbani. Alikufa kabla mwaka haujaisha, na daktari akaandika kuwa ni moyo. Kuramochi hakubishana na daktari, ila alijiapiza kwamba hakuna kituo kingine kitakachofia mikononi mwake.

Ndiyo maana hidrojeni ilipokuja mjini, yeye akiwa na miaka hamsini na minane, alikwenda kukaa darasani na vijana kusomea cheti cha gesi zenye mgandamizo mkubwa. Alianguka mtihani mara mbili. Mkewe, Fumie, alibandika kanuni za gesi ukutani chooni, na kwa miezi minane hakuna mgeni aliyeingia humo akatoka mjinga. Mara ya tatu akapita.

Siku ya ufunguzi Meya alikinga kikombe chini ya bomba la nyuma la gari, akanywa maji yaliyotoka humo mbele ya wapiga picha, akasema ni matamu, kisha akapanda gari lake la petroli akaondoka. Baadaye manispaa iliona haya ikamnunulia la hidrojeni. Pamoja na hilo, mji mzima ulikuwa na magari kumi na moja ya namna hiyo. Wengine waliyanunua kwa kupenda hewa safi, wengine kwa sababu serikali ililipa sehemu kubwa ya bei, na hawa wa pili ndio waliokuwa wakihubiri zaidi habari za hewa safi. Kuramochi mwenyewe hakuwa na uwezo huo. Alikwenda kazini na kigari chake cha mizigo, cha petroli, akakiegesha nyuma ya ofisi ambako wateja hawakioni.

Sasa, gari la hidrojeni halijazwi kama ndoo. Kuramochi aliliongoza kuingia kwa mikono miwili, polepole, kama anayeegesha ndege, ingawa uwanja wote ulikuwa mtupu. Kisha alikielekezea kidole kila kitu na kukitaja kwa sauti, kama alivyofundishwa: breki, sawa, gari limezimwa, sawa, mpira wa gesi umefunga, sawa. Kwa dakika tatu mashine ilipiga mbinja, kichwa cha mpira kikaota barafu, na mteja akabaki amesimama hana la kufanya. Kisa chote kilianzia katika dakika hizo tatu.

Kipupwe cha kwanza, Mwalimu Ogiso, mstaafu wa shule ya msingi, alikuja siku ya theluji akiwa na nusu tangi. Alikuja kwa kumhurumia tu Kuramochi kusimama peke yake. Kuramochi akaguswa. Mashine ikiwa inapiga mbinja, aliingia ofisini akatoka na figili mbili nyeupe, kila moja ndefu kama mkono, za shambani kwake.

"Mwalimu, si kitu. Za nyumbani tu hizi."

"Aa, Bwana Kuramochi, unajisumbua bure."

"Zimezidi, tutazitupa."

"Basi kama mtazitupa."

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Wahenga hawakufika Orihata. Huko kutoa ni kumfungulia mtu kesi, na hukumu yake ni kurudisha, tena upesi, tena kitu kisichopungua nusu ya ulichopewa na kisichozidi sana, maana kuzidi nako ni matusi. Mwalimu alirudi baada ya siku nne, tangi lake likiwa bado limejaa, na boksi la keki za maharage matamu lililofungwa kwa utepe. Kuramochi angelala vipi? Alimpa chupa ya achari ya Fumie. Mwalimu akaleta chai ya kijani ya daraja la juu. Kuramochi akajibu kwa samaki wakavu.

Na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, aliona si vizuri kumpa mmoja na kuwanyima kumi. Daktari Tokura wa meno alipata figili tatu, akaleta tikiti moja ndani ya sanduku la mbao, tikiti la kupelekea mkwe, na ilibidi Kuramochi aagize kaa kutoka pwani ili aweze kumtazama tena usoni. Bibi Wakisaka, mjane wa kiwanda cha pombe ya mchele, alileta chupa mbili zilizofungwa kwa kitambaa, naye pia akaletewa kaa. Dereva wa Meya, ambaye kwa sheria haruhusiwi kupokea chochote, alipokea figili kwa kuona haya kukataa, kisha akaleta taulo kwa kuona haya kupokea.

Fumie aliona mapema. Alikuwa ameketi akikata figili, maana nyumba ile sasa haikuishiwa figili wala cha kubadilishana nazo.

"Baba Chinatsu, watu unawachosha."

"Wanafurahi. Huwaoni wanavyoinama?"

"Hata aliyebeba mzigo huinama."

Kuramochi alimwona mkewe hana shukrani, akaenda kupanda mstari mwingine wa figili.

Mwezi wa Desemba wa mwaka wa nne alikuja Bwana Hamajima, msimamizi kutoka makao makuu ya kampuni, kijana mwenye suti nyembamba na sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa. Alikunywa chai, akala keki ya mtu fulani, akaweka karatasi mezani.

"Mzee Kuramochi, samahani sana kwa nitakayosema. Mwaka wa kwanza mlikuwa mnapata magari kumi na moja, kumi na mawili kwa wiki. Sasa ni manne. Wiki iliyopita mawili."

"Ni baridi," alisema Kuramochi.

"Ni kweli, ni baridi. Lakini wakubwa wamesema, mpaka mwisho wa Machi, kama hayafiki kumi kwa wiki, mashine itahamishiwa kwingine. Nisamehe."

"Na kituo?"

"Kituo bila mashine, Mzee, ni uwanja tu."

Kuramochi alimsindikiza mpaka kwenye gari, akamwinamia mpaka akapotea. Kisha akaingia ofisini akakaa kwenye kiti chake. Aliogopa, hilo halifichiki. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Aliuona uzio wa mabati, akamwona mzee wake na ufagio. Hidrojeni kama hidrojeni haikumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba angekuwa mtu aliyefunga viwili. Basi akafanya ambalo mtu yeyote muungwana wa Orihata angelifanya akiona wateja wanapungua. Akaongeza zawadi.

Januari aliwapa keki za mchele alizozitwanga mwenyewe kwa kinu, mgongo nusura umkatike. Februari aliwapa achari aina tatu kwa pamoja. Aliyekuja na robo tangi alitoka na kapu. Wiki ya kwanza ya Februari yalikuja magari matatu. Wiki ya pili likaja moja, la Mwalimu Ogiso, na Mwalimu alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa polisi. Alipopewa kapu lake alilitazama muda mrefu.

"Bwana Kuramochi," alisema, "mke wangu anasema... basi. Anakushukuru sana."

"Mwambie za achari atarudisha chupa tu, akipenda."

"Chupa. Ndiyo," alisema Mwalimu, akaondoka na lile kapu amelipakata.

Jambo lililomshangaza Kuramochi ni kwamba magari yenyewe hayakufa. Aliyaona yakipita. Lile jeupe la Daktari Tokura lilipita kila Jumanne, na likifika karibu na kituo liliongeza mwendo. La Bibi Wakisaka lilikata kona ghafla likaingia njia ya mashambani, njia ambayo mwisho wake ni zizi la ng'ombe. Gari haliendi kwa maombi. Lazima lilikuwa linajazwa mahali, na kituo kingine kilikuwa kimoja tu, ng'ambo ya kilima, kilomita arobaini na mbili, kwenye mji mkubwa.

Jumamosi, siku ambayo kituo chake kilikuwa kimefungwa, aliwasha kigari chake akapanda kilima. Alijiambia anakwenda kununua mbegu.

Kituo cha huko kilikuwa na kijana mmoja mwenye nywele za kahawia, ambaye hakuinama, hakunyoosha kidole kwenye kitu chochote, wala hakusema hata karibu. Aliunganisha mpira, akarudi ndani kutazama simu. Na mashine ya hidrojeni ikishajaza gari moja huhitaji kupumzika dakika ishirini ipate nguvu tena, jambo ambalo Orihata halijawahi kumkera mtu kwa kuwa hakujawahi kuwa na mtu wa pili. Hapa palikuwa na foleni. Kuramochi alihesabu magari matano, na yote alizijua namba zake. Alikuwamo Mwalimu Ogiso. Alikuwamo Daktari. Lilikuwamo hata la Meya, dereva amejiinamia nyuma ya usukani akijifanya amelala.

Kuramochi alishuka. Milango ikaanza kufunguka mmoja mmoja, na watu wazima wakatoka wakiinama kama watoto waliofumwa juu ya mti wa jirani.

"Nilikuwa namleta mke wangu hospitali," alisema Daktari Tokura. Hakuwa na mke garini.

"Mimi nimekuja kununua kamusi," alisema Mwalimu.

"Mimi mbegu," alisema Kuramochi, na kwa kitambo wote walitikisa vichwa kwa heshima, kwamba mbegu ni jambo la maana. Wangeweza kuinamiana hivyo mpaka jioni kama kioo cha gari la tatu kisingeteremka. Alikuwa Bibi Wakisaka, miaka themanini na mmoja, mtu aliyemjua Kuramochi tangu akitambaa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. We Isamu, njoo hapa. Hawa hawatakwambia mpaka wafe, na mimi ndiye nitakayetangulia, kwa hiyo acha niseme. Figili zako zimetumaliza."

Daktari akajifanya anakagua tairi.

"Unanipa figili, nakuletea chupa. Unaniletea kaa. Kaa, Isamu! Nikaenda mpaka jijini Nagoya kutafuta cha kurudisha kaa. Mimi ni kikongwe. Kujaza gari dakika tatu, kutafuta zawadi siku mbili. Mke wa Mwalimu ameugua kwa ajili ya zile chupa za achari. Usikatae, Mwalimu, umeniambia mwenyewe. Huyu mtoto hapa," alimwonyesha kijana wa nywele za kahawia, "hana adabu hata chembe, Mungu ambariki. Natia mafuta yangu naondoka, simdai hanidai."

"Lakini mnakuja mbali," alisema Kuramochi. "Robo ya tangi inaishia njiani."

"Robo ya tangi ni rahisi kuliko kaa."

Alirudi nyumbani bila mbegu. Aliona aibu mpaka masikioni, na chini ya aibu aliona hasira, maana hakuna linalouma kama kugundua kwamba watu walikuwa wakipiga hesabu ya kuukimbia wema wako. Alimweleza Fumie kila kitu, naye, kwa rehema zake, hakusema "nilikwambia" zaidi ya mara moja.

"Sasa?" Kuramochi alimuuliza.

"Sasa hutoi kitu. Hata kokwa. Hata maneno punguza. Akija mtu, mjazie, mwinamie mara moja, aende."

"Nitaonekana sina utu."

"Ndiyo. Watakuja mbio."

Na walikuja mbio. Mwezi wa Machi Kuramochi alisimama kando ya mashine kama gogo, mikono nyuma, akitazama barafu ikiota kwenye mpira. Ilimuuma. Mara mbili mguu wake ulianza kuelekea ofisini wenyewe na ilibidi auzuie. Lakini wiki ya kwanza yalikuja magari tisa, ya pili kumi na mawili, ya tatu kumi na manne, maana habari zilikuwa zimevuja kwamba kituo kiko hatarini, na watu wale, wakiwa sasa hawana deni la figili, walikuja hata wakiwa na robo tatu ya tangi. Walifanya zaidi. Kampuni ilipowatumia fomu za maoni, walikutana nyumbani kwa Mwalimu, wakazijaza kwa pamoja, kwa mwandiko mzuri, kila neno likiwa limepimwa ili kumsaidia Kuramochi. Mwalimu alisahihisha nukta.

Tarehe ishirini na tano Bwana Hamajima alirudi. Safari hii alikuwa anatabasamu.

"Mzee Kuramochi, hongera. Kumi na nne. Makao makuu hawakuamini. Kituo kinabaki."

Kuramochi alishika ukingo wa meza. "Kinabaki."

"Kinabaki. Na maoni ya wateja, Mzee, sijapata kuona. Kumi na moja kati ya kumi na moja." Alifungua faili akasoma. "'Huduma ya kimya, inapendeza.' 'Mteja haguswi wala hasemeshwi.' Huyu mwingine ameandika, 'Mtu anajaza na kuondoka kana kwamba hakuna mtu.' Wakubwa wamefurahi mno. Wamesema hapa ndipo mahali hasa."

"Mahali pa nini?"

Tabasamu la Hamajima liliyumba, ile sauti ya hospitali ikarudi. "Pa kuanzia kituo cha kujihudumia. Wateja watafundishwa, watajaza wenyewe, na kamera zitatazamwa kutoka Nagoya. Sheria siku hizi inaruhusu. Tulikuwa tunatafuta mji ambao wateja wenyewe wanapenda... bila mtu. Mafundi wanakuja kesho kufunga kamera. Nisamehe, Mzee. Hilo ndilo lililofanya kisifungwe."

Kuramochi alimimina chai. Alimimina mpaka ikafurika kwenye sahani, na Hamajima, kwa adabu, akajifanya hajaona. Kiapo chake kilikuwa kimetimia barabara. Kituo hakikufa mikononi mwake, kwa kuwa mikono yake ndiyo iliyoondolewa.

Walipopata habari, wale kumi na mmoja walishikwa na majonzi ya kweli. Mwalimu Ogiso alikwenda kwa Kuramochi akapiga magoti mlangoni, paji la uso sakafuni, akasema ni yeye aliyetunga lile neno "kana kwamba hakuna mtu". Kuramochi alimwinua. Alimwambia sentensi ilikuwa nzuri.

Siku ya mwisho ya Machi, iliyokuwa ya mwisho ya Kuramochi kazini, walikuja wote, siku moja, jambo ambalo mashine haikuumbiwa. Ilipumzika dakika ishirini baada ya kila gari, na foleni ikafika barabarani, watu wakasubiri tangu asubuhi hadi saa saba mchana bila hata mmoja kunung'unika. Kuramochi alimwongoza kila mmoja kwa mikono miwili. Breki, sawa. Gari limezimwa, sawa. Na kila mmoja, katika dakika zake tatu, alitoa kifurushi kwenye kiti cha nyuma akamkabidhi kwa mikono miwili, kichwa chini.

Bibi Wakisaka alikuwa wa mwisho. Cha kwake kilifungwa kwa kitambaa cha hariri, kizito, na hakusema kina nini.

"Nitakuletea—" alianza Kuramochi.

"Hutaniletea kitu. Hii ni zawadi ya kuaga, Isamu. Ya kuaga hairudishwi."

"Najua, Bibi."

Alijua, na ndicho kilichomvunja. Miaka minne kila aliyempa kitu pale alijua kwamba atamwona tena. Sasa vifurushi kumi na kimoja vilikuwa vimepangwa nyuma ya kigari chake, na hakuna hata kimoja kilichomngojea yeye arudishe kitu. Alichomoa mpira, akafuta barafu kwa glavu, akarudi nyuma hatua tatu. Gari la Bibi Wakisaka likatoka taratibu, likidondosha maji. Kuramochi aliinama mpaka likakata kona, kisha akaendelea kuinama, kwa sababu alikuwa analia, na ile kamera mpya ilikuwa imeshawashwa.